Wasomi Waliokuja kwa Simu Kumtaka Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu ni mfamasia. Amesoma mpaka shahada ya pili, na mimi niliyeishia darasa la nne ndiye niliyemkuza kwa uji wa ulezi hapa Ufipa. Nasema mapema ili ujue kabisa kwamba naringa.

Aliomba nafasi ya uzamivu, ule usomi wa juu kuliko wote, katika chuo cha nje. "Bibi, wakinichukua wanalipa wao," aliniambia. "Ada, chumba, chakula, hata nauli. Kazi yangu ni utafiti tu."

Utafiti wenyewe niliuelewa upesi. Huku juu kwetu kuna baridi, vidonge vinakaa vizuri. Viteremshe Kirando kwa dada yangu, joto na unyevu wa ziwa vinavilegeza mpaka vinashikana, na mtu anameza kitu asichojua kama bado ni dawa. Mjukuu wangu anataka kutengeneza vidonge visivyoharibika kule chini.

Kilichonikwama ni malipo. Jirani yangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwenzangu, nani anamlipia msichana mzima asome tena? Hiyo ni posa, imejificha tu!"

Nilimfukuza, lakini maneno yake yalibaki. Kwetu anayetaka kumchukua binti anakuja, anakaa, anasalimiwa, kisha anaulizwa: akiugua kwako utamfanyaje?

Siku ya usaili alikuwa nyumbani likizo. Aliegemeza simu kwenye chupa ya chai mezani, akavaa blauzi ya kanisani.

"Bibi, nakuomba, usiingie."

"Nyumba ni ya nani?"

"Ni yako, bibi. Ila usiingie."

Nikakaa nje nachambua maharage. Nilimsikia akimwaga Kiingereza bila kujikwaa, nikajisikia mrefu kuliko nyumba. Halafu nikasikia sauti za wageni wakicheka. Nikajiuliza, hivi watu wameingia kwangu, wanamhoji mtoto wangu, wanacheka, na hakuna aliyewapokea? Nikafunga khanga vizuri, nikaingia, nikapiga magoti mbele ya ile simu na kupiga makofi polepole, kama Wafipa tunavyowasalimia watu wa heshima.

Mjukuu wangu aligeuka jiwe. Kwenye kioo kulikuwa na nyuso tatu, na moja ilikuwa ya mwenzetu, Mtanzania. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ninyi ndio mnaotaka kumchukua mtoto?"

"Bado tunamsaili, bibi."

"Basi na mimi nawasaili. Akiugua huko, nani atamtazama? Na hayo malipo yakikatika hajamaliza?"

Akawatafsiria wenzake. Mama mmoja wa Kizungu akajibu kwa kirefu. "Bima ya matibabu atakuwa nayo," yule Mtanzania akasema. "Malipo ni ya miaka mitatu. Akihitaji wa nne ataomba upya. Wengine hupata, wengine hukosa."

"Ahsante kwa kusema kweli," nikasema, nikatoka.

Alipomaliza alikuja kusimama mlangoni, machozi yanamtoka. "Bibi, umenimaliza. Wataniona mtoto wa kuletwa na bibi yake."

"Wamekukataa?"

"Watajibu."

Hapo ndipo woga ulinishika. Jioni hiyo hakula. Miaka yote ile ya kusoma, na huenda nilikuwa nimeivunja kwa magoti yangu mawili. Sikumwomba radhi, kwa sababu kumsalimia mgeni si kosa. Lakini usingizi ulinikimbia.

Jibu lilitukuta shambani, tukifukia majani kwenye matuta. Simu ikalia mfukoni mwake. Akasoma, akasoma tena, jembe likamponyoka.

"Wamenichukua, bibi!"

Nilipiga vigelegele mpaka watu wa mashamba ya jirani wakasimama. Nikawatangazia: huyu hapa, mtoto wa nyumba yangu, amelipiwa akatafute dawa! Aliyekuwa na wivu aliondoka nao.

Nilipopata pumzi nikamuuliza, "Na mwaka wa nne?"

Akafuta uso kwa mkono wenye udongo, akaanza kucheka. "Hamna, bibi. Ni mitatu tu."

"Basi soma upesi," nikamwambia.