Siku Niliyopangwa Beki

Siku ninayoikumbuka sana, mwanangu, ni ile Mwalimu Masanja, kocha wetu, aliponitoa kwenye nafasi yangu ya kiungo akanipanga beki mazoezini, dhidi ya timu yangu mwenyewe. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu hapa Mwanza, na kichwani nilikuwa na swali moja: kwa nini hatufungi magoli?

Tulikuwa na winga anaitwa Lukasi, mtoto wa wafugaji wa upande wa Buhongwa. Akipewa mpira, anakimbia nao utadhani anafukuza ndama aliyetoroka. Mechi za mwanzo aliwatesa watu. Baadaye mabeki wakamzoea, wakawa wanamngoja wawili wawili, na mpira ukaishia miguuni mwao. Basi tukageuka timu ya pasi. Pasi huku, pasi kule, mashabiki wanapiga makofi, lakini wapinzani walirudi wote golini kwao wakatutazama tukipokezana mpira kama sahani ya mboga isiyo na mlaji. Chuo kikagawanyika. Bwenini kuna waliosema tukimbie, kuna waliosema tupasiane, na mimi na Lukasi, tuliolala kitanda kimoja cha juu na chini, hatukusalimiana tena. Na Jumamosi tulikuwa tunavuka ziwa kwenda kisiwani, Nansio, kwenye mechi ambayo atakayefungwa anaaga mashindano.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nikamfuata Mwalimu uwanjani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Una swali, nakuona usoni.”

“Kipi bora, kukimbia na mpira au kutoa pasi?”

(Mzee wa Kisukuma hajibu haraka, utakuja kuzoea.) Alisema tu, “Leo unacheza beki. Mkabe Lukasi, halafu uniambie wewe.”

Mazoezi yalipoanza, Lukasi akaja mbio na mpira. Nilijua atapita pembeni, nikamzibia, nikauchukua mpira. Akaja tena, nikauchukua tena. Mwalimu akamwita kando, wakanong’ona. Safari iliyofuata alikuja mbio zilezile, nikamvaa, naye akaupenyeza mpira nyuma ya mgongo wangu kwa mwenzake. Goli! Alipokuja tena nikaingoja pasi. Akanipita kama upepo. Baada ya hapo miguu yangu haikujua iende wapi. Nilisimama nimechanganyikiwa, na bado nilikuwa nacheka, maana nilianza kuelewa.

“Haya, kipi bora?” Mwalimu akauliza.

“Mwalimu, nilimkamata kirahisi nilipojua atakimbia tu. Ile pasi imepita kwa sababu niliziogopa mbio zake.”

“Usiniambie mimi. Kamwambie mwenzako.”

Nilimkuta Lukasi bombani anafua soksi. Nilimsalimu, kisha nikamuuliza, “Ulijuaje nitakuvaa lini na nitarudi nyuma lini?”

Akanitazama, akacheka. “Sikujua, ndugu yangu. Nilitazama miguu yako. Ukinijia, natoa. Ukirudi, naenda.”

Tukakaa pale pale pembeni ya bomba, tukiulizana na kuonyeshana kwa vijiwe, soksi zikasahaulika kwenye povu.

Nansio walitubana kwelikweli. Ilikuwa bila kwa bila, mchezo unakaribia kuisha, mpira ukanifikia. Kila mtu alijua mimi ni mtu wa pasi. Nikatazama miguu ya beki: anarudi nyuma, anaziba njia ya kwenda kwa Lukasi. Nikaenda mwenyewe! Golikipa akanitokea, yule beki naye akakurupuka kunifuata, ndipo nikamsogezea Lukasi mpira, goli tupu. Alifunga, akaja kunikumbatia mpaka tukaanguka wote majanini.

Basi, mwanangu, sikia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nguvu uliyonayo usiitumie kila siku kwa namna ileile, watu watakuzoea na watakungoja njiani. Kuna saa ya kwenda mwenyewe na kuna saa ya kumwachia mwenzako. Hakuna atakayekuandikia mapema ni ipi, lazima uinue macho utazame. Na mkibishana na mwenzio, kabla hujanuna, kasimame upande wa pili umuulize anaonaje kutoka kule.

Mungu akupe nguvu ya kwenda na moyo wa kutoa, akuzungushie watu wa kweli, na kila uendako ukapokelewe vizuri. Amina.