Justa Hakuamini Gamba la Samaki

Sisifu watu ovyo. Niliowasifu zamani walinilipa ubaya, akiwemo mume wangu Machibya, ambaye kanisani wanamwita mtu wa busara. Lakini Justa, tabibu wa macho wa Mkolani, nitamsifu.

Alikulia mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa. Mama yake alikuwa akiparua samaki wa watu, na Justa naye aliparua mpaka siku anaondoka kwenda chuo. Vidole vyake bado vina makovu ya miiba ya sato. Ukimwona na koti lake jeupe huwezi kujua, hadi acheke. Anacheka kama wanawake wa mwaloni, kwa sauti ya kushinda injini ya mtumbwi.

Nilipelekwa kwake na wifi yangu Kija, dada yake Machibya. Jicho langu la kushoto lilikuwa limeota kitu kwenye lile duara la kahawia, kama punje ya mtama, na kila mwezi kilizidi kuisogelea mboni. Daktari mmoja mjini alisema huenda ni saratani, jicho litolewe. Tarehe nilishapewa. Kija alitaka Justa atuandikie barua ya rufaa tu, basi.

"Shikamoo, mama. Jicho hili liliwahi kuumia?"

"Marahaba," nikaitika, na kabla sijaongeza neno Kija akadakia: "Gamba la samaki. Lilimrukia, mwaka wa sita sasa."

Justa akaniweka kidevu kwenye mashine yenye mwanga mwembamba, akatazama mpaka shingo ikaniuma. Kisha akamgeukia Kija. "Wifi, tusubirie nje."

"Mimi ndiye niliyemleta!"

"Ahsante kwa kumleta. Sasa jicho linaloumwa liko kichwani kwako?"

Waliokuwa kwenye benchi mlangoni wakacheka. Kija akatoka amenuna. Baadaye nilijua kwamba ndivyo Justa anavyofanya kwa kila mtu: aliyesindikizwa huulizwa mara mbili, na mara ya pili huwa peke yake.

Akafunga mlango. "Mama, mimi magamba yamenirukia tangu utoto. Gamba hunata juu ya jicho, likakwaruza. Hili kovu lako ni dogo, limenyooka, limepenya mpaka ndani. Ni kitu chenye ncha."

Ukoo mzima wa mume wangu ulinikalisha nikaambiwa niseme gamba, na nimelisema hilo gamba hata kwa mama yangu mzazi.

"Nikijua kilichotokea, huenda tukaliokoa," akasema. "Nisipojua, watalitoa."

"Bilauri," nikasema. "Machibya alinirushia bilauri, ikapasuka usoni."

Hakunipa pole ya mdomoni. Alivuta kiti, akanieleza polepole. Kitu kikitoboa jicho, chembe za ngozi yake ya juu huweza kuingia ndani, zikakaa kimya miaka, kisha zikafanya kifuko cha maji. Hiyo si saratani, ingawa kikiachwa kinaweza kuziba mboni. Lakini hakutaka kuniahidi kwa kubahatisha. Akampigia simu Daktari Nurbanu, bingwa mwenye kipimo cha altrasaundi ya jicho.

"Najua tarehe imepangwa, daktari. Naomba umpime kwanza. Maelezo waliyopewa kule hayakuwa ya kweli."

Kipimo kilionyesha maji matupu. Wiki iliyofuata Daktari Nurbanu aliyavuta kwa sindano nyembamba, kisha akakitoa kifuko chenyewe. Justa alisimama kichwani pangu muda wote, kiganja chake juu ya paji langu la uso. Walinionya kwamba kinaweza kurudi, kwa hiyo nitaangaliwa kila baada ya miezi mitatu.

Siku ya kutoa bendeji, Justa aliliziba jicho langu la kulia, akainua mkono.

"Vidole vingapi?"

"Viwili. Kimoja kina pete."

"Ya ndoa hiyo, mama. Usije ukaichukia na yenyewe."

"Sijaichukia," nikamwambia. "Nimeiona."