Chakula cha Aliyerudi Kutoka Rweya

Kutoka Newala hadi Muleba nilitumia siku nne, na siku zote nne nilikula kutoka mikononi mwa watu nisiowajua. Masasi nilinunua korosho, Singida kuku, Nzega karanga za kuchemsha zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari. Sikuuliza aliyepika ni nani. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, mfuko wa zana za uashi, na tabia ya kuhama kila nilipoanza kuzoeleka mahali. Safari hiyo nilifuata kazi ya kujenga nyumba ya mchungaji wa kanisa.

Mwenye nyumba aliyenipangisha chumba alinipokea kwa kahawa ya kutafuna, punje kavu zilizofungwa kwenye jani la mgomba. Kabla ya kunipa alitupia mbili kinywani mwake, akatafuna huku ananitazama.

"Umeona? Huku anayekukaribisha huonja kwanza. Asipoonja, kimbia, hata kama ni shemeji yako."

"Mnaogopa sumu?"

"Sumu ni jambo dogo. Tunaogopa wale wa rweya."

Rweya ni nyika ya majani inayoanza pale migomba inapoishia. Wale wa rweya, alinieleza, hawana nyumba lakini wanapika. Ukungu ukishuka unasikia harufu ya ndizi na samaki mahali pasipo na jiko, kisha sauti inakukaribisha kwa upole kama ya shangazi. Wao hawaonji. Ukila, kinachorudi nyumbani ni mwili tu, na yeyote atakayekula ulichopika naye ataanza kuitwa na sauti hiyo.

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Na jirani yako hapo nyuma ya migomba alikula! Usije kusema hatukukwambia."

Jirani huyo alikuwa bibi mjane aliyelea mjukuu wake wa kike. Zamani, akiwa ameolewa kijijini hapo muda mfupi tu, alipotea rweya kwenye ukungu, akarudi siku ya tatu. Walimuuliza alikula nini. Akasema kweli: alipewa ndizi. Tangu hapo hakuna aliyekula kwake. Misibani waliruhusu afagie uwanja. Sufuria hakugusa.

Mwezi wa pili nilishikwa na homa, na mwenye nyumba alikuwa amesafiri na mkewe kwenda Bukoba. Bibi alinisikia nikitapika. Alileta ndizi zilizopikwa na maharage, akaketi mlangoni, akala matonge mawili mbele yangu, kisha akasukuma sahani. Nikala. Nilipopona niliendelea kula, kila jioni, nikipitia katikati ya migomba kama mwizi. Mjukuu wake aliosha sahani.

"Aliyenipa ndizi alikuwa mke wa mchungaji wa ng'ombe," bibi aliniambia siku moja. "Alikuwa mtu, mwanangu. Alikuwa hata na mafua."

Nilimwamini, lakini sikumwambia mtu. Mwenye nyumba alikuwa ameanza kuniita ndugu, na alikuwa amenionyesha kona ya kibanja chake, shamba lake la migomba, ambapo ningeweza kujenga. Sijawahi kuwa na kona mahali popote.

Mwezi wa saba ukafika ugeni wa posa kutoka Kemondo. Kijana wa huko alimtaka mjukuu. Wakwe wasipokula kwa bibi, hakuna ndoa, na binti angebeba jina la bibi yake maisha yote. Siku moja kabla, bibi alinishika mkono. "Kaa karibu nao. Mimi nikionja, wewe ule. Hilo tu, mwanangu."

Alipika tangu alfajiri: ndizi, sato, na senene wa kukaanga. Majirani walikuja kusimama uani wakijifanya wamepita tu. Bibi akatafuna kahawa, akawazungushia wageni kikapu chake. Kikarudi kama kilivyoenda. Akaonja ndizi, akaonja samaki, akaonja mpaka senene, mmoja mmoja, na wageni wakawa wanamtazama mdomoni.

Msemaji wao akakohoa. "Mama, tumesikia maneno njiani. Lakini tunamwona huyu fundi. Naye ni mgeni kama sisi. Yeye akila, tutakula."

Sahani ikaletwa magotini pangu. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Nashukuru," nikasema. "Nimeshiba."

"Fundi!" Mjukuu alitoka jikoni. "Sahani zako nimeosha mimi miezi mitano. Waambie!"

"Sahani zipi? Binti ananifananisha. Sijawahi kula hapa."

"Labda alikula ndotoni!" mtu akasema uani, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka. Hilo sikulazimishwa na mtu.

Binti akafungua mdomo tena. Bibi akamzuia. "Mwache mgeni. Amesema hajala, basi hajala."

Wageni walisema watarudi siku nyingine. Hawakurudi. Jioni hiyo mwenye nyumba alinipigia vigingi vinne kwenye ile kona. "Leo umekuwa mtu wa hapa," akasema, na mkewe akanipakulia nyama kubwa kuliko ya mumewe.

Binti alipelekwa Hamugembe, Bukoba mjini, kufanya kazi za ndani. Mimi nilichimba msingi upande mmoja. Nilipoinua kichwa niliona mlango wa bibi, na bibi akifagia uwanja ambao haukuingiwa na mtu. Wiki ya tatu nilimwambia mwenye nyumba nimepata kazi Kigoma. Sikuwa nimepata kazi popote.

Asubuhi ya kuondoka sikuwa na njia nyingine ya kufika barabarani isipokuwa mbele ya nyumba yake. Alikuwa ameketi kizingitini anakula ndizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Kote nilikopita, hata adui akikukuta unakula, utamwambia karibu. Bibi alivuta sahani hadi kwenye goti lake, akaifunika kwa jani la mgomba, akaweka mkono juu ya jani, akangoja nipite.