Ukuta wa Upande wa Ziwa

Siku shauri lilikatwa tulikuwa batu saba. Kulikuwa muzee wa ukoo, baba mudogo wa marehemu bwana yangu. Kulikuwa shemeji yangu, mudogo wa bwana yangu, tumbo moja, pamoja na muke wake. Kulikuwa mama mukwe, aliyebazaa hao ndugu wawili. Kulikuwa katekista, juu yeye alijua kuandika, na binti yangu wa kwanza. Wa saba ni mimi. Majina yabo ninayo yote, hata ya ubatizo, lakini bajukuu babo banauza samaki soko moja na bajukuu bangu, kwa hiyo siyaandiki.

Shauri lilikuwa la manjanja, zile bati za nyumba yangu. Zilikuwa kumi na nane. Bwana yangu alizipata kwa kuchimba dhahabu kule Misisi, akazisukuma mbili mbili juu ya baiskeli ya kukodi, kisha homa ikamuchukua. Vita ya pili ilipofika kwetu, katikati ya Baraka na Mboko, nilivuka kwa mutumbwi mpaka Ubwari na batoto na mama mukwe. Shemeji alibaki milimani. Aliposhuka alikuta kijiji kitupu, akafungua nyumba yangu, akapigilia bati zangu juu ya nyumba yake. Alisema alikuwa anazichunga, basoda benye bunduki basizibebe.

Tulirudi mwisho wa kiangazi. Kuta zangu za matofali mabichi zilikuwa zimesimama uchi, masika moja yamekwisha kuzilamba sawa sabuni iliyotumika. Masika ingine na zingekuwa udongo tu. Mama mukwe, shemeji alimuchukua kwake, juu kwake kulikuwa na paa. Paa langu.

Muzee alisikiliza asubuhi yote. Kisha akasema:

“Bati ni za mujane, hilo hakuna wa kubisha. Lakini mama yetu iko analala chini yake, na mvua iko njiani. Hatufungui nyumba juu ya kichwa cha muzazi. Siku bati zitashuka, kwa sababu yoyote, mujane achukue zake.”

Katekista akaandika vile vile. Shemeji akacheka kwa pua.

“Basi shemeji,” akaniambia, “ungojee zishuke. Leta kiti.”

Nilikwenda kwangu. Nilifunika vichwa vya kuta kwa nyasi na majani ya ndizi, nikakandamiza na mawe, nikatanda bashi la plastiki pembeni tukalala pale. Nilichimba mufereji kuzunguka nyumba. Lakini kila nilipoangalia juu niliona mawingu.

Kwetu, mbele ya mvua, bamama ba ukoo banapaka udongo nyumba zote za ukoo, moja kisha ingine. Hakuna wa kukataa. Na mi nilijulikana kwa mukono. Muke wa shemeji alikuja kuniita, tena kwa heshima, akanipa ukuta wa upande wa ziwa, ule unaopigwa na upepo. Shemeji alikuwa ametaka nyumba kubwa kuliko bati, akazivuta mpaka zikaisha. Upande ule paa lilitoka nje ya ukuta kiganja kimoja tu. Niliona hayo siku ya kwanza.

Udongo wa kupaka unatoka kwenye kichuguu, unachanganywa na majivu na nyasi za kukatakata. Wa kichuguu niliupeleka kwangu. Kwa shemeji nilipeleka wa ufukweni, muchanga mutupu na tope kidogo ya kuushikisha. Unakauka vizuri sana, laini sawa sahani. Maji yakiupata, unashuka wote. Shemeji alipitisha kiganja, akanisifu mbele ya bamama. Nilimushukuru.

Mama mukwe alikuwa ameketi karibu na kikapu changu. Yeye ndiye alinifundisha kupaka. Alichukua udongo kidogo, akausugua kwa vidole, akatia ulimini.

“Mutoto wangu,” akasema polepole, “nahamia kwako lini?”

“Mbele ya mvua ya kwanza, mama.”

“Nitasema ni kikohozi. Moshi wa kwake unanikamata.”

Akaja na mukeka wake, batu bakasema angalia vile mujane anapenda mama mukwe. Muke wa shemeji nilimwambia batoto balale chumba cha barabarani, juu upande wa ziwa iko baridi. Hilo nililisema kwa moyo safi. Sikutaka batoto. Nilitaka bati.

Mvua za kwanza zilikuwa ndogo, zilikula muchanga tu. Juma la tatu, mchana, dhoruba ilitoka ziwani. Bote kwa shemeji balikuwa kwenye shamba la muhogo. Mi na mama mukwe tulisimama chini ya bashi, tukatazama miguu ya ukuta ikinywa maji, matofali ya chini yakigeuka uji. Ukuta ulikaa chini kama mutu aliyechoka. Bati zikainama nyuma yake.

Sikungoja mvua ikatike. Nilikwenda kuita muzee, nikaita katekista na karatasi yake. Shemeji alitukuta pale, jembe begani.

“Huyu mwanamuke alipaka muchanga,” akasema.

Muzee hakuniangalia.

“Zimeshuka ao hazijashuka?”

Shemeji akashusha jembe.

“Zimeshuka, baba.”

Nilizibeba na binti yangu siku ile ile, na misumari yake. Mbili zilikuwa zimejikunja; hizo pia nilibeba. Shemeji alituma muke wake aniombe ine tu kati ya zile kumi na nane, afunike batoto masika yale. Sikumupa hata moja. Nilimupa bashi langu, lile lenye matundu. Mbegu yake ya maharagwe ilikuwa imeloa yote, na yeye hakunikosea kitu, ndiyo maana nilimupimia sahani mbili za mbegu yangu. Bwana yake sikumupimia kitu. Maji yalikuwa karibu na kwangu, lakini masika yote nilizunguka kupitia mulangoni kwake na ndoo kichwani, nikimusalimia kila asubuhi: shemeji, mumelala kavu?

Alikuwa anaitika. Alipaswa kuitika.

Muchungaji wetu anahubiri kusamehe, na mi ninasikiliza. Yule mutu amekufa, nilikwenda matangani, nilipika. Kusamehe sijasamehe.

Sasa nyinyi mulio na umri wangu, mulikuwa kule: pengine dhoruba ilikuwa juma la ine, pengine bati zilizojikunja zilikuwa tatu. Na nani alitusaidia kuzipandisha kwangu, fundi wa Mboko ao mutoto wa dada yake, mi ninasema fundi. Kama nimekosea, mufike muniambie.