Kikao cha Kumwomba Radhi Mtu wa Kofia

Watu huniuliza nilijifunzia wapi Kijapani. Nawajibu: Vårby gård, huku Uswidi, nyuma ya kiti changu cha kunyolea, na sikulipa ada. Shule niliiacha darasa la tatu kule Uvira, siku mwalimu alipochoka kukaa bila mshahara akaenda zake shambani, nasi tukaenda zetu. Lakini kuna waliomaliza chuo kikuu waliokaa mbele yangu Jumamosi baada ya Jumamosi, nikiwasomea jarida lenye maandishi kama nyayo za kuku, na hakuna aliyeinua mkono kusema sivyo. Hiyo si kazi ya mtu wa kawaida.

Duka nililifungua kwa mikono yangu hii. Kabla yake nilikuwa nasafisha ofisi mjini kabla wenye ofisi hawajaamka, na jioni nanyoa watu jikoni kwangu, taulo shingoni, nywele zinadondoka kwenye sakafu ya mama watoto. Yeye ndiye aliyesema, "Ama hizi nywele zitoke nyumbani kwangu, ama utoke nazo." Nikatoka nazo. Nikapata chumba pale uwanjani, karibu na kituo cha treni, nikafunga vioo mwenyewe, nikapaka rangi mwenyewe, na mwezi wa kwanza watu walitoka hata Rågsved na Tumba kuja kunyolewa na mimi. Mkono wangu haukwaruzi. Ulizeni.

Halafu kijana mmoja wa Kampala akafungua lake upande wa pili wa uwanja. Mkono wake ulikuwa mkono tu. Lakini alikuwa na televisheni pana kama mlango, na mpira wa Uingereza siku nzima. Nywele za Waafrika wa Vårby zikaanza kuangukia upande ule.

Mama watoto alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Tumba, kazi yenye uhakika, na alijua kuhesabu viti vitupu bila kuingia dukani. Akaniambia, "Baba watoto, mkataba wa duka umebakiza mwaka na kitu. Siku ukiisha nitakuja mwenyewe. Nikikuta viti vitupu, unarudisha ufunguo, unarudi kwenye ndoo ya kusafishia ofisi. Ndoo haina aibu."

 Ndoo nilikuwa nimeagana nayo, na mimi nikiagana na kitu sigeuki nyuma.

Ghorofa ya juu yetu aliishi Mjapani, mzee mkavu mwenye nyusi nyeupe, aliyekuwa mpishi mjini mpaka magoti yakamkatalia. Siku moja nikamkuta kwenye lifti na rundo la majarida, anayapeleka kutupa chumba cha karatasi kuukuu. Dada yake alimtumia kutoka kwao. Yalitoka kila wiki, akaniambia, na yalikuwa yakitoka tangu yeye ni kijana. Nikamwambia kwa Kiswidi changu, "Hayo nipe mimi. Wateja wangu wanakaa bila kitu cha kutazama." Akanipa. Tangu hapo kila alipomaliza moja, aliliacha mlangoni kwangu.

Lilikuwa nene kama tofali, karatasi ya kukwaruza. Katuni, lakini si za watoto. Humo kulikuwa na watu wa ofisini wanaolewa na bosi wao, mtu mwenye upanga mrefu, mjane anayeendesha teksi. Kulikuwa pia na kurasa za wanawake wasiovaa vya kutosha. Hizo nilizibandika kwa gundi, maana mzee wa kanisa letu alikuwa mteja wangu, na yeye alizibandua ili ahakikishe kama nimezibandika vizuri.

Jalada lake zuri, lenye rangi, lilikuwa nyuma. Nikasema moyoni: Wajapani ni watu wanyenyekevu, uzuri wanauweka mwisho.

Ijumaa nilikaa peke yangu dukani nikalisoma. Sura ya mtu haina lugha. Mtu akilia analia, akidanganya macho yanamtoka. Hadithi iliyonikamata ilikuwa ya mpishi mwenye mkahawa mdogo, meza ndefu moja na viti vichache. Jumamosi nikawa nanyoa, nikifika mahali pazuri nazima mashine, nachukua jarida, nawaonyesha picha, nawasimulia.

Na hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kila wiki mpishi anaanza akiwa peke yake, ametulia, anafuta meza. Wanaingia watu, wanacheka, wanakula, wanamsifu. Kisha, sijui vipi, furaha inapungua. Bakuli linabaki limejaa, mteja anainama, machozi yanamtoka. Na hapo ndipo anatokea mtu mmoja mrefu, mwenye kofia iliyomfunika uso, anamnong'oneza mpishi sikioni, kisha anamshika yule mteja bega, wanatoka naye nje kwenye mvua, mteja analia. Kila wiki. Mteja tofauti, kofia ile ile.

Sisi watu wa kule hatuhitaji kufafanuliwa jambo kama hilo. Mtu anafungua biashara, inakwenda, halafu yupo mmoja anapita nyuma ananong'ona, na wateja wanaondoka. Nani asiyemjua mtu huyo? Kila mmoja dukani alikuwa na wake.

"Huyu mutu iko mubaya sana," mzee wa kanisa alisema, taulo shingoni. "Ni wa familia. Wa mbali hawezi kukujua hivyo."

"Mzee, mimi ningekuwa huyo mpishi," akadakia Mkenya mmoja dereva wa basi, mtu wa maneno, "kofia ningemvua, nikaipika supu, nikamnywesha mwenyewe."

"Na bado anamfungulia mlango!"

"Amerogwa. Mtu mwenye akili zake hafungulii mlango mtu kama huyo kila wiki."

"Mimi jina lake silijui," mzee wa kanisa akasema taratibu, "lakini kofia yake nimeitaja mbele ya Mungu. Nimesema isimkae kichwani."

Watu wakasema amina. Na viti vikajaa. Nilikuwa na waliosubiri wamesimama, wengine wamenyolewa tayari na hawaondoki. Televisheni ya kijana wa Kampala ilionyesha mpira, lakini mpira ukiisha umeisha. Mimi watu walirudi Jumamosi iliyofuata hata kama nywele hazijaota, wajue kofia imefanya nini. Hata binti yangu mkubwa, ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, alipita akasimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema "Pappa, sluta," yaani baba, acha, lakini alikuwa amesikiliza mpaka mwisho.

Majira ya baridi ya mwisho wa mkataba, ikibaki wiki moja mama watoto aje kuhesabu viti, Mjapani akaingia dukani. Hakuwahi kuingia. Alisema kioo cha bafuni kwake hakimwonyeshi tena kisogo. Nikampa kiti cha heshima, pembeni ya mzee wa kanisa niliyekuwa nimemnyoa upande mmoja, na kwa vile ilikuwa Jumamosi na watu wamejaa, nikaona nimwonyeshe kazi yangu. Nikachukua jarida lake mwenyewe nikaanza kusimulia. Kiswahili hakujua hata neno. Alikuwa anatazama mkono wangu unaofunua kurasa.

Akainua kidole, kama mtu anayeomba ruhusa. Akaniuliza kwa Kiswidi, polepole, "Kwa nini unaanzia mwisho?"

Duka zima likageuka. Kiswidi wote walikielewa.

"Huu ni mwanzo," nikamwambia.

"Kwenu labda." Akalichukua, akaligeuza, jalada la rangi likaja mbele. Akaanza kufunua kutoka upande ule mwingine, na kidole chake kikitembea kwenye picha kutoka kulia kwenda kushoto. Mvua. Mtu wa kofia anatembea na mtu anayelia, amemshika bega. Wanaingia mkahawani. Kofia anamnong'oneza mpishi.

"Anamwambia nini?" akauliza dereva.

"Anamwambia huyu amefiwa na mama yake, apikiwe kitu alichokuwa akipika mama." Kidole kikaendelea. Bakuli limejaa. Bakuli limeisha. Mteja anacheka. Wanaondoka, na mpishi anabaki anafuta meza. "Huyu wa kofia ni kaka yake. Anazunguka mjini, akiona mtu ana huzuni anamleta kwa mdogo wake. Kila wiki. Ni hadithi ya zamani, kwetu kila mtu anaijua."

 Dereva akapasuka kwa kicheko.

"Mwaka mzima! Mwaka mzima tunamtukana kaka ya mtu! Kinyozi, na hiki kichwa changu umekinyoa kuanzia wapi?"

Wengine wakacheka naye, kicheko cha watu walio tayari kuondoka. Lakini mzee wa kanisa alivua taulo, akasimama, nywele zimekatwa upande mmoja. "Nimemuombea mabaya mutu ya muzuri," akasema. "Wewe ndiye umeniingiza." Akatoka hivyo hivyo, nusu kichwa.

Kufikia Jumanne kijana wa Kampala alikuwa akiwaambia watu uwanja mzima kwamba ng'ambo kuna kinyozi anayesoma kinyumenyume. Jumatano viti vyangu vilikuwa vitupu. Alhamisi pia. Mama watoto alilisikia kwenye treni kabla sijamwambia. Alinipikia sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, chakula changu nikipendacho, na hapo nikajua anaona nimekwisha.

Basi nawaambieni kichwa changu kinavyofanya kazi. Mwingine angewapigia watu simu ajieleze. Mimi nilijiuliza: hapa aliyekosewa ni nani? Si mimi, si wao. Ni yule wa kofia. Na kwetu, mtu akisingiziwa mbele ya watu, hilo haliishi kwa kunyamaza. Neno lililotoka mbele ya watu hurudishwa mbele ya watu. Mnaweka viti pande mbili, upande wa waliokosa na upande wa ndugu wa aliyekosewa, kinywaji katikati, na mkubwa wenu anasimama kusema.

Nikampigia mzee wa kanisa. Alianza kwa ukali. Nilipomwambia, "Mzee, tunamkalia yule wa kofia kikao cha radhi, na neno lako wewe ndilo zito kuliko yote," akauliza, "Saa ngapi?" Nikampigia dereva, nikawapigia wote. Tatizo likabaki moja: ndugu wa aliyekosewa.

Nikapanda ghorofa ya juu. Mjapani akanipa chai isiyo na sukari. Nikamweleza. 

"Huyo ni mtu wa kuchorwa," akasema.

"Lakini midomo iliyomtukana si ya kuchorwa."

Akanywa chai yake. "Mimi nikae wapi?"

"Upande wake. Peke yako. Wewe ndiye ukoo."

Jumamosi ile kiti kimoja kilikuwa upande wa dirisha, na Mjapani juu yake amevaa koti la suti. Upande wetu walijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Sikumnyoa mtu. Kijana wa Kampala naye alikuja kusimama mlangoni, mikono mifukoni, tayari kucheka.

Mzee wa kanisa akasimama, kichwa chake bado nusu, hakukubali kimaliziwe kabla ya jambo hili. "Ndugu," akamwambia Mjapani kwa Kiswidi chake kilichovunjika, "tulimuona kijana wenu anaingia kwa mulango, tukasema anatoka. Tulimuona anashika mutu bega, tukasema anamuiba. Nilitaja kofia yake mahali pabaya. Leo naitoa pale. Imukae kichwani vizuri, mpaka azeeke."

"Amina," wakasema, na dereva kwa sauti kuliko wote. Kisha akaongeza, "Na ile supu ya kofia nimeifuta."

Mjapani akasimama. Akainama, chini sana, akakaa hivyo kidogo. "Imepokelewa," akasema. Dereva akamfungulia soda. Sijui alifikiri nini, sikuwahi kumuuliza, lakini nilimwona anafuta jicho kwa kidole kile kile kilichotembea kwenye picha.

Ndipo dereva akasema, "Sasa tuanze upya. Lile la kwanza kabisa."

Majarida yote nilikuwa nayo, nimeyapanga ukutani nyuma. Nikalitoa la kwanza, nikalishika safari hii jalada mbele, Mjapani pembeni yangu ananiambia maneno kwa Kiswidi, mimi nayatoa kwa Kiswahili, na niliyatoa vizuri kuliko alivyoyaleta. Hilo hata yeye alisema.

Tulikuwa katikati mama watoto alipoingia. Alikuwa bado na koti la kazini, ametoka Tumba moja kwa moja. Ilikuwa siku yake ya kuhesabu viti. Akatazama huku na huku, na hakuwa na kiti cha kuhesabu kwa sababu kila kimoja kilikuwa chini ya mtu. Nikaendelea kusimulia. Sikumtazama, lakini nilimsimulia yeye. Mtu wa kofia akaleta kijana aliyefukuzwa nyumbani, mpishi akamkaangia yai, kijana akala, akapata nguvu ya kurudi kwao.

Nilipofunga jarida mke wangu akasema kwa sauti, mbele ya watu, "Na yeye wa kofia? Kila siku anawaleta wenzake. Yeye mwenyewe anakula lini?"

Nikamtafsiria Mjapani. Akafikiri, akatikisa kichwa. "Miaka yote hii," akasema, "sijamwona akila."

"Basi huyo mpishi hana maana," mke wangu akasema. "Mtu analeta wageni kila siku, hata bakuli moja hapewi?"

"Mama anasema kweli!" "Hapana, huenda anakula nyuma." "Nyuma wapi, umemwona?" Duka zima likawaka. Kijana wa Kampala mlangoni akasema huenda kaka ana kiapo, akapigiwa kelele kwanza aingie ndani afunge mlango, baridi inaingia. Akaingia. Mke wangu akavua koti, akamwambia dereva asogee, akakaa, akaanza kumweleza mzee wa kanisa jinsi mgeni anavyotunzwa kwao.

Jumatatu nikaenda kwa mwenye chumba cha duka kuhusu mkataba mpya. Akaniuliza kama nina uhakika, kwa sababu alisikia biashara imeyumba. Nikamwambia alete kalamu.