Funguo za Mlango wa Njano

"Mimi nimekwisha, shemeji. Mgongo umekwisha, masikio yamekwisha. Watu mia moja humu ndani, bafu moja, na wewe mwenye nyumba yako mpya umekuja kulala uani kwangu na mbwa. Nikifa, waambie polisi ni wewe uliyeniua."

Lindsay Jakamarra akageuza mkia wa kangaruu kwenye majivu. "Watu mia moja wako wapi? Mimi naona wanane."

"Wengine wamelala."

Aliyekuwa analalamika ni Valmai Napaljarri, dada mkubwa wa marehemu mke wa Lindsay. Jina la marehemu huku hatulitaji, kwa hiyo na mimi silitaji. Nitamwita mama Trevor, na Trevor mwenyewe, mtoto wao, yuko mbali huko Darwin, hata simu hapigi.

Nyumba waliyokuwa wanagombania ilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Unaiona kutoka hapo motoni: bati jipya, mlango wa njano, baraza pana la kivuli. Ndiyo ilikuwa ya kwanza kumilikiwa na mtu wetu, sisi wenyeji wa asili, pale mjini. Baraza la ardhi lilitoa kiwanja, benki ikakopesha, kampuni ya ujenzi ikaleta mafundi na kuwafundisha vijana kupiga plasta. Wakubwa hao watatu wakapeana mikono mbele ya kamera, na Lindsay katikati yao kavaa shati la kuazima linalombana kwapa.

Lakini aliyeipigania ni mama Trevor. Alikaa kwenye mikutano mpaka viti vikamjua. Alikuwa amechoshwa na watu wa ofisi ya nyumba za kupanga, wanaoingia na funguo zao na kuchungulia mpaka ndani ya friji. Siku ya kukabidhiwa, wenzake wakauliza habari za mabomba. Yeye akauliza moja tu: funguo nyingine ziko kwa nani? Akaambiwa hakuna nyingine, ni hizo tu. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

Majira ya baridi ya mwaka jana akalala chumba cha mbele na hakuamka.

Watu wakafanya inavyofanywa. Wakachoma majani, wakapitisha moshi kila chumba, wakatoka wote, maana palipofia mtu wafiwa hawalali mpaka moshi wa mara ya pili upafungue. Enzi za kupanga, jambo hili halikuwa na uzito. Wafiwa wanahama, ofisi inawatafutia nyumba upande wa pili, na familia isiyohusika na msiba inaingia pale. Muda ukipita, mnabadilishana tena. Sasa nani atabadilishana na mtu nyumba yake mwenyewe? Wale wakubwa watatu walifikiria mchwa, moto na mafuriko, wakabishana wiki nzima juu ya uzio. Kifo hawakukifikiria. Lindsay alikwenda kuuliza, na binti wa ofisi ya baraza la ardhi, mtoto mwenye adabu tu, akamwambia kwa upole kwamba anaweza kuiuza. Akamshukuru, akatoka, akasahau kofia. Hajaifuata mpaka leo.

"Moshi wa mara ya pili nitapitisha mimi," Valmai akasema. Sasa alikuwa amepunguza sauti. "Mimi ndiye dada yake. Nikisema pamefunguka, pamefunguka, hakuna wa kunibishia. Hawa wajukuu watapata pa kulala. Wewe utapata chumba chako, utaacha kunuka mbwa. Nipe funguo."

Funguo zilikuwa shingoni mwa Lindsay, kwenye kamba ya kiatu. Akazishika, hakuzivua.

"Bado."

"Bado nini? Mwaka umepita."

"Nguo zake mligawa," Lindsay akasema. "Blanketi mlichoma. Picha mmeficha, na sawa, ndivyo inavyotakiwa. Jina lake nikilisema peke yangu naogopa. Imebaki ile tu." Akaonyesha ng'ambo kwa kidevu. "Wakiingia watoto, siku mbili tu itakuwa nyumba ya watoto."

"Si ndiyo alivyotaka? Aliipigania ili uifunge?"

Lindsay akautazama mkia. Ulikuwa umeungua upande mmoja.

"Unadhani umefiwa peke yako," Valmai akasema. "Mimi nilimbeba mgongoni, shemeji, kabla wewe hujajua kuvaa suruali. Na kila asubuhi nikiamka naona ule mlango wa njano umefungwa. Kila asubuhi."

Lindsay alisimama, akajipangusa magoti, akachukua ndoo ya maji iliyokuwa kando ya bomba. Mlimau alioupanda mama Trevor uko pale mbele ya baraza, na yeye huunywesha kila jioni, kisha hurudi bila kupanda hata ngazi.

"Nauliza tu nijue," Valmai akamwitia. "Leo unakwenda kufungua, au ni habari za mlimau tu?"

Lindsay alishafika katikati ya barabara. Maji yalikuwa yanamwagika mguuni na hakuyajali, akaendelea kwenda.