Mbwa Wetu Alivyogeuka Fisi Mwenye Sweta

Kwa heshima na taadhima, naomba kuutangazia umma kwamba mimi, Mseti, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ndiye daktari wa kwanza wa ngozi za mbwa kuwahi kutokea kijijini kwetu Machochwe.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikimbizwa na kijiji kizima kwa mikuki.

Wa pili hajafika mpaka leo.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka bweni. Mama alikuwa mjini Mugumu anamuuguza dada yake, kwa hiyo nyumbani tulibaki baba, mimi, bibi Ghati ambaye ndiye mama yake baba, na Bosi.

Bosi ni mbwa. Lakini si mbwa wa kulala mlangoni akibwekea wapita njia.

Shamba la bibi liko upande wa hifadhi, na tembo wa kule hawana adabu. Bibi haoni mbali siku hizi. Bosi humtangulia njiani. Akisimama na kunguruma, bibi anageuza. Bila Bosi, hakuna shamba.

Likizo hiyo Bosi akaanza kujikuna.

Alijikuna, jamani! Ngozi ilikauka ikawa inamwaga unga kama ukuta wa chokaa. Alijikuna amekaa, alijikuna amelala, alijikuna akitembea kwa miguu mitatu.

Siku moja bibi akakutana na tembo uso kwa uso. Bosi alikuwepo. Alikuwa anashughulikia sikio lake.

Bibi alirudi bila jembe na bila kiatu kimoja.

Baba hakucheka. "Siku ya mnada naondoka naye. Kuna mtu wa machimboni anatafuta mbwa. Huyu hatufai tena."

"Na mimi nani atanipeleka shamba?" bibi akauliza.

"Mama, si utapumzika?"

Bibi aliingia ndani akafunga mlango. Kwa bibi yangu, kupumzika ni tusi.

Hapo ndipo taifa liliponihitaji. Nikachukua simu ya baba, nikatafuta tiba za nyumbani za mbwa mwenye ngozi kavu.

Mtandao ukasema: mwogeshe kwa shayiri. Machochwe shayiri tutaitoa wapi? Lakini ulezi upo, na kwa mtu aliyesoma, nafaka ni nafaka. Nikapika uji wa ulezi. Ukawa mzito kidogo.

Sawa, ukawa mzito sana.

Mtandao ukasema: mpake mafuta ya nazi. Minazi nimeiona kwenye kitabu cha Jiografia. Nikachukua samli ya bibi.

Halafu mtandao ukasema: mvalishe nguo asijilambe. Nikamvalisha sweta langu la shule, la kijani, lenye nembo kifuani. Miguu ya mbele ikaingia kwenye mikono vizuri kabisa. Kusema kweli lilimkaa kuliko linavyonikaa mimi.

Uji niliomwogesha nao ukaanza kukauka. Madoa yakajitokeza, ya kahawia hapa, meusi pale. Manyoya ya shingoni yakasimama kwa samli.

Nikarudi nyuma nimtazame.

Nilikuwa nimetengeneza fisi. Tena fisi wa bweni.

"Tulia hapo hapo," nikamwambia, nikaenda kunawa mikono.

Bosi hajawahi kutulia popote. Nikasikia ng'ombe wanatimka. Kisha sauti ya jirani yetu Magige ikapasua anga:

"Uuuwi! Fisi! Fisi kavaa sweta!"

Sasa, kwetu yowe likipigwa huulizi limepigwa kwa nini. Unatoka na ulichoshika, unakimbilia linakotokea, maswali baadaye. Mwanaume akibaki ndani atajieleza mbele ya wazee, na sijawahi kusikia aliyejieleza akaeleweka.

Wakatoka. Mikuki, mapanga, mishale. Mchungaji Ezra alitoka na povu la kunyolea kwenye shavu moja. Mama mmoja alitoka na mwiko, ugali ukiwa bado umeganda juu yake.

Na mimi nikatoka, sheria ni sheria. Nikajikuta mstari wa mbele na fimbo mkononi, namwinda mgonjwa wangu mwenyewe.

"Umemwona, mura, kijana wangu?" baba akapaza sauti, mkuki begani.

"Kapita huku!" nikasema, nikaonyesha mtoni.

Kijiji kikamiminika mtoni. Bosi alikuwa upande mwingine kabisa, nyuma ya ghala letu, anakula mkono wa sweta.

Mtoni hapakuwa na kitu. Watu wakasimama, wakaanza kufikiri. Hapo ndipo hatari ilipo.

"Fisi wa kawaida havai nguo," akasema Magige.

"Huyo katumwa."

"Na sweta ni la shule. Mchawi wake amesoma!"

"Amefika kidato cha ngapi?" mtu mmoja akauliza, na aliuliza kwa dhati.

Nikasema, kwa sauti nzito, kwamba kwa mtazamo wangu ni angalau cha sita.

Wakatikisa vichwa kukubali. Nikajiona nimemaliza kazi.

Njia ya kurudi ilipita nyumbani kwetu. Bibi alikuwa amekaa nje anachambua maharage. Bosi aliposikia vishindo vya watu akatoka nyuma ya ghala mbio, na uji wake na sweta lake, akaenda kulala miguuni pa bibi.

Kila mtu akakauka.

Bibi akampapasa kichwani. "Bosi, mbona unanuka samli yangu?"

"Mmesikia?" Magige akanong'ona. "Hata jina la mbwa wake kampa."

Hakuna aliyecheka. Watu ambao bibi amewabeba mgongoni walipokuwa wachanga walikuwa wanamtazama kama hawamjui. Mkuki mmoja ukashuka kutoka begani, ukaelekea mbele.

Nikatupa fimbo.

"Ni mbwa!" nikapiga kelele. "Ni Bosi! Huo ni uji! Sweta ni langu! Mchawi ni mimi, yaani, hakuna mchawi!"

Nikamvua sweta. Bosi akajikung'uta kwa nguvu zake zote, akawagawia wote ulezi. Mchungaji alipata wa shavu lile lililokuwa limeshanyolewa. Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka hifadhini.

Baba peke yake hakucheka. "Mura, njoo hapa. Ulikuwa unafanya nini?"

"Namtibu, baba. Ili usiende naye mnadani. Ili bibi aendelee na shamba lake."

Baba akausimika mkuki chini. Niliona kabisa uso unalainika. Wengine wakaanza kuniita mtoto mwema, na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa.

Ila bibi alikuwa bado anapapasa mgongo wa Bosi.

"Mseti, huyu mbwa alikuwa mzima mpaka uliporudi likizo. Ulimfanya nini?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulimfanya nini?"

Nikataja hali ya hewa. Haikukubalika. Kijiji kizima kilinigeukia, na mikuki yao.

Basi nikasema. Kila asubuhi nilikuwa namwogesha Bosi kwa sabuni ya unga, ile ya kufulia, na brashi ya viatu. Wenzangu bwenini niliwaambia nyumbani tuna mbwa mweupe wa kizungu, nikawaahidi picha.

Bosi ni wa kahawia.

"Mbwa anabaki," baba akasema. "Mpaka apone, wewe ndiye utamtangulia bibi yako shambani."

"Na tembo wakitokea, baba?"

"Utanguruma."

Funzo, ndugu msomaji: mbwa wako akikauka ngozi, kabla ya kutafuta dawa, tafuta aliyemkausha. Bosi alipona kwa kuachwa tu, hakuna kingine. Kwa hiyo narudisha rasmi cheo changu cha udaktari.

Na ninakiri, nilinguruma. Kumbe alikuwa mbuzi wa Magige.